Chupa 40 za jamu ya mapera na jinsi nilivyozimaliza

Mwaka jana mama mkwe wangu aliniteremshia kutoka Kibosho ndoo mbili za mapera, zile za lita 20, zimefunikwa majani ya mgomba na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Yalikuja wakati mzuri. Hoteli moja hapa mjini Moshi ilikuwa imeniagiza chupa 40 za jamu, kwa hiyo nilipita kwa Mangi wa duka la kona, nikabeba sukari kilo 12, nikasimama jikoni siku mbili na mwiko mkononi. Zikatoka chupa 46.

Nilipozipeleka, meneja aliyeniagiza alikuwa ameshaondoka. Aliyempokea kiti alichukua chupa sita "za kuonja", hakuzilipia, akaniambia wageni wao wamezoea vile vikopo vidogo vya kubandua mezani. Nikarudi nyumbani Rau kwa bodaboda na maboksi mawili mapajani, chupa zikigongana njia nzima.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Nyumba ya watu watano ikipaka mkate chupa moja kwa wiki, chupa 40 ni miezi tisa. Wiki ya pili tu wanangu walishaanza kuomba mkate mkavu. Mama mkwe akapiga simu kuuliza mapera yameishaje, nikamweleza yalivyo, yamejipanga kabatini kama wanajeshi. Akacheka. "Mwanangu, nilikuletea mle. Sikukuletea uyahesabu."

Ndipo nilipoacha kuiona jamu kama kitu cha mkate. Jamu ni nini? Zaidi ya nusu yake ni sukari, halafu kuna uchachu wa tunda, harufu ya tunda, na ule utelezi unaoifanya ishikane. Kwa hiyo popote unapoweka sukari na ndimu pamoja, jamu inaweza kuingia. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, kilo ikapanda mpaka watu wakaanza kunywa chai ya chumvi, nilikuwa na mabaki ya jamu ya nanasi ndani na sikuona yana kazi gani. Mwaka jana nisingefanya kosa hilo.

Kagua kwanza

Kabla hujaanza ubunifu, fungua chupa moja moja. Yenye kuvu, hata kama ni kidoa cha ukubwa wa punje ya mtama, tupa yote. Usikwangue juu ukala chini, maana nyuzi za kuvu hushuka ndani usikoziona. Yenye kutoa povu, au inayonuka kama mbege ya jana, nayo tupa. Ikiwa mfuniko umevimba, usionje kabisa.

Iliyoganda chembechembe za sukari haina ubaya. Weka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto dakika kumi, koroga, zitayeyuka.

Na iliyokuwa ngumu? Yangu nusu ilikuwa ngumu kama halua, na kosa nimelijua. Mwongozo nilioufuata ulisema nipike mpaka kipimajoto kisome 105. Hiyo ni namba ya watu wa usawa wa bahari. Moshi mjini tuko mita 800 na zaidi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, hivyo jamu ikifika 102 imeshaiva. Ukiwa Arusha, kwenye mita 1,400, hata 100 inatosha. Mimi niliisubiri 105 na mapera yenyewe yana ugandishaji mwingi wa asili, nikapata kitu cha kukata kwa kisu. Ya namna hiyo ilegeze: jamu kikombe kimoja, maji ya moto vijiko vitatu vikubwa, koroga juu ya moto mdogo. Iliyolegea mno usiipike upya. Hiyo ndiyo bora kwa juisi na kwa nyama.

Kitimoto, kuku, mbuzi

Naanza na nyama kwa sababu ndiko chupa nyingi zilikokwenda, na kwa sababu watu hunitolea macho nikisema. Shemeji yangu alikataa katakata. "Shemeji, nyama na jamu? Mimi si mtoto." Nikamwacha. Nilipotoa sahani ya pili ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

Kwa kilo moja ya nyama: jamu vijiko vikubwa vinne, ndimu moja, punje tatu za kitunguu saumu zilizotwangwa, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, pilipili kichaa moja au mbili, chumvi nusu kijiko cha chai. Kama una soya sosi, weka kijiko kimoja kikubwa na upunguze chumvi. Pasha pamoja mpaka ilainike na kuteremka kwenye kijiko kama asali.

Choma nyama yako kama kawaida, kwa chumvi na ndimu tu, mpaka iive. Sikia hapo: mpaka iive. Jamu inaingia dakika tano za mwisho. Ukiipaka mapema sukari itaungua ikiwa nyama bado ina damu, na utapata kitu cheusi nje, kibichi ndani. Sogeza makaa pembeni, paka kwa kijiko au kwa jani la mgomba lililokunjwa, geuza, paka tena, geuza. Utaona ngozi inaanza kung'aa, halafu vipovu vidogo vinatokea pembezoni na harufu inabadilika kutoka ya tunda kwenda ya karameli. Toa hapo hapo. Ukichelewa kwa muda wa kujibu simu, imeungua.

Kama kuna jamu iliyoshika chini kidogo ulipoipika, ile yenye harufu ya moshi ambayo hukuthubutu kumpa mtu, huku ndiko kwake. Nilikuwa na chupa nne za embe za namna hiyo tangu Januari. Juu ya mbuzi wa kuchoma hakuna aliyejua. Wasiokula kitimoto watumie mapaja ya kuku, ngozi ikiwa juu. Upande wa sahani, ndizi za kuchoma na kachumbari.

Chachandu ya mapera

Hii ndiyo inayotoka nyumbani kwangu ikiwa na bei. Jirani anayekaanga viazi karai karibu na stendi huchukua chupa mbili kila wiki.

Jamu kikombe kimoja, siki theluthi moja ya kikombe, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo sana, tangawizi ya kutwanga kijiko kimoja, pilipili mbuzi moja bila mbegu, bizari nzima nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kaanga bizari kavu mpaka inukie, weka vitunguu na mafuta kidogo, vikilainika tia vingine vyote. Acha ichemke taratibu dakika 15, ukikoroga, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kwa sekunde moja kabla haijajifunga.

Usitumie sufuria ya alumini, zile nyepesi za kawaida. Siki huila, na chachandu hupata ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua au ya udongo. Onja ikishapoa, si ikiwa ya moto. Siki ikiwa ya moto hukupanda puani na kukudanganya kwamba umezidisha. Kwenye friji yangu hukaa mwezi mzima.

Inaliwa na bhajia, sambusa, mihogo ya kukaanga, hata na mayai ya kuchemsha. Mimi huipenda na ndizi za kuchoma saa kumi jioni, nikiwa peke yangu.

Maandazi, na kovu langu

Nina kovu kwenye kiwiko cha mkono wa kulia ambalo limetokana na jamu. Niliweka kijiko cha jamu katikati ya donge, nikalifumba, nikaliingiza kwenye mafuta. Mshono ukafunguka, jamu ikagusana na mafuta, na maji yaliyomo yakaruka kama fataki. Mafuta yenyewe yakawa meusi kwa sukari iliyoungua, maandazi yote yaliyofuata yakawa na madoa.

Jamu inaingia baada ya kukaanga. Kanda unga wako wa maandazi wa hamira kama ulivyozoea, lakini punguza sukari kwa nusu, na uyakate ya mviringo, manene kiasi cha kidole. Yakiumuka vizuri yatakuwa na tumbo ndani. Yatoe, yachuje mafuta, subiri mpaka uweze kuyashika. Toboa ubavuni kwa kijiti cha mshikaki, kizungushe ndani kutengeneza nafasi. Jaza jamu iliyolegezwa kwenye mfuko mdogo safi wa nailoni, kata ncha ya kona, ingiza kwenye tobo, minya kiasi cha kijiko cha chai. Utahisi andazi linakuwa zito mkononi. Likianza kuchungulia, acha.

Usiyawekee akiba. Kesho yake jamu imeshanyonywa na unga, andazi limekuwa na unyevu wa ajabu.

Chapati za maji hazina hadithi. Paka, kunja, mpe mtoto aondoke.

Keki ya jiko la mkaa

Kwenye keki, jamu inachukua nafasi ya sehemu kubwa ya sukari na sehemu ya maziwa. Kipimo changu: unga wa ngano vikombe viwili, siagi gramu 125, sukari robo kikombe, jamu kikombe kimoja, mayai matatu, maziwa robo kikombe, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, magadi soda ya chakula nusu kijiko cha chai. Hayo magadi usiyaruke. Jamu ina uchachu, na magadi yakikutana nao hutoa hewa inayoinua keki, na uchachu wenyewe unapungua makali.

Saga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, ingiza mayai moja moja, halafu jamu. Hapo mchanganyiko utaonekana umekatika kama maziwa yaliyoharibika. Usiogope, ukiweka unga utarudi.

Oveni sina. Natumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, vidole viwili kwenda juu, niliyoipasha moto dakika 15. Chombo cha keki kinakaa juu ya mchanga, mfuniko unafunikwa, na makaa yanapangwa juu ya mfuniko. Kanuni ya mama zetu ni moto mwingi juu, kidogo chini. Ila kwa keki ya jamu punguza na wa juu, kwa sababu sukari ya jamu hugeuka rangi upesi na uso utakuwa wa kahawia wakati katikati bado ni uji. Dakika 45 hivi. Choma kijiti katikati. Kikitoka na chembe kavu, toa. Kikitoka kinata usikimbilie kusema ni mbichi, huenda umechoma bonge la jamu, kwa hiyo jaribu pembeni yake.

Mama mkwe aliila hii keki na chai ya rangi na hakusema kitu. Kwa anayemfahamu, hiyo ni sifa.

Barafu za watoto

Hizi ndizo zilizomaliza chupa kwa kasi, na wanangu wakayasamehe mapera. Kikombe kimoja cha jamu, maji vikombe vitano, ndimu mbili. Pasha kikombe kimoja cha hayo maji, yeyusha jamu humo, halafu ongeza maji ya baridi yaliyochemshwa na ndimu. Chuja, kwa sababu punje za mapera zikiganda ni kama kutafuna kokoto. Mimina kwenye vikombe vidogo au vifuko, gandisha usiku kucha.

Mara ya kwanza niliweka vikombe viwili vya jamu kwa maji yaleyale nikidhani nawapenda wanangu. Haikuganda. Sukari ikizidi, maji hukataa kuwa barafu, ukapata ute wa baridi. Mara ya pili niliweka nusu kikombe, ikaganda kama jiwe na haikuwa na ladha. Baridi hulaza utamu ulimini, kwa hiyo inatakiwa maji yawe matamu kidogo kuliko juisi ambayo ungeinywa. Kikombe kimoja kwa vitano ndipo pamekaa sawa.

Mwanangu wa mwisho akaweka kibao getini, mia mbili mia mbili, mpaka siku umeme ulipokatika kutwa nzima na biashara ikayeyuka. Hayo maji tukayanywa kama juisi. Yalikuwa mazuri tu.

Uji na maziwa mgando

Kwenye uji wa ulezi, weka jamu kijiko kimoja kikubwa kwa bakuli badala ya sukari na ndimu. Ukiwa wa maziwa, epua kwanza, uache upoe mpaka uweze kuushika kinywani, ndipo uweke jamu. Ukiitia uji ukiwa unatokota, uchachu utayakata maziwa na utakunywa mabonge.

Maziwa mgando hayana shida hiyo, yameshaganda yenyewe. Weka jamu chini ya glasi, maziwa juu, usikoroge. Anayekula achimbe. Ukikoroga jamu ikazama yote, maziwa yanalegea kuwa maji na utamu unakuwa mmoja tu mpaka mwisho.

Kashata ambazo hazikuwa kashata

Nilitaka kashata za karanga kwa jamu. Nikachemsha vikombe viwili mpaka ikawa nzito sana, nikatia karanga zilizokaangwa, nikamwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, nikasubiri. Nikasubiri mpaka kesho yake. Haikukauka, inakunjika kama mpira. Sababu ni ule ugandishaji wa tunda, ambao unashika maji na hautaki kuyaachia, wakati kashata inataka sukari tupu iliyokauka.

Basi nikalowesha mikono, nikafinyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu changa, nikavigaragaza kwenye karanga za kusaga. Nazi ya kukuna ingependeza zaidi, lakini nazi hapa Moshi inasafiri kutoka Tanga na bei yake inajua hilo. Sasa navitengeneza kwa makusudi. Vinakaa wiki mbili kwenye kopo lenye mfuniko. Desemba, watu wanapopanda kuja Krismasi nyumbani, ndivyo ninavyoweka kwenye sahani na kahawa, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza vilitaka kuwa nini.

Kilichobaki kwenye kuta za chupa

Usioshe chupa yenye utando wa jamu. Mimina humo siki vijiko viwili vikubwa, mafuta ya alizeti vijiko vitatu, chumvi na pilipili manga, funga mfuniko, tikisa mpaka kuta ziwe safi. Mwagia kwenye kabichi iliyokatwa nyembamba na karoti. Au mimina chai ya tangawizi ya moto kidogo kidogo, kwanza ya vuguvugu ili kioo kisipasuke, tikisa, kunywa hapo hapo.

Nina chupa mbili zilizobaki, nyuma ya dumu la mafuta, ambazo nyumbani hawajui kuwa zipo. Wiki iliyopita mama mkwe alipiga tena. Mipera imezaa mpaka matawi yanainama. Nimemwomba safari hii anishushie ndoo moja.